Habari za Mti wa Mathenge katika Malisho ya Baringo

Katika lugha yetu kupalilia ni kazi ya shamba. Mkulima hulijua kwekwe tangu likiwa changa, naye huling'oa kabla halijatoa mbegu, maana ajua kuwa asipofanya hivyo leo, mwakani atapalilia mara mbili. Lakini malisho hayapaliliwi kwa jembe. Tangu zamani palizi ya malisho ilikuwa ni moto wa majira yake, na meno na kwato za wanyama wapitao na kuhama, na zaidi ya hayo shauri la wazee waliosema: hapa palisheni, pale pangojeeni kiangazi. Taratibu hizo zikilegea, gugu hupata mlango.

Katika maneno haya twataka kueleza habari za mti mmoja mgeni uliopandwa kwa nia njema kando ya Ziwa Baringo, nchini Kenya, ukatoka mikononi mwa waliouleta, ukatwaa malisho. Tena twataka kueleza mashauri yaliyofanywa ili kuuondoa, yapi yaliyofaa na yapi yasiyofaa, na kwa sababu gani. Habari hizi zawafaa wengi, kwa kuwa mahali pengi pa nchi zetu pana ardhi iliyochoka, na mgeni wa namna hii hapigi hodi.

Kwanza yafaa kuijua nchi yenyewe. Ziwa Baringo limo katika Bonde la Ufa. Kusini yake, penye tambarare, hukaa Ilchamus, ambao watu wa misafara waliwaita Njemps, nao husema lugha ya Kimaa. Magharibi, vilimani, wako Tugen, na upande wa kaskazini wako Pokot, ambao wote wawili ni wa jamii ya Kikalenjin. Wako wadhanio kwamba nchi hii ilikuwa jangwa tangu kuumbwa kwake. Sivyo hata kidogo. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilipokwenda bara kutafuta pembe, Baringo palikuwa mahali pa kupumzika na kununua nafaka, kwa kuwa Ilchamus walichimba mifereji na kunywesha mashamba yao kwa maji ya mto. Joseph Thomson alifika huko mwaka 1883, na Count Teleki akafika miaka michache baadaye, nao waliikuta njia hiyo imekwisha kuzoewa na watu wa pwani. Tena Ilchamus walikuwa na ng'ombe, na mabwawa ya kando ya ziwa yaliwekwa akiba kwa kiangazi. Wazee ndio walioamua siku ya kuyafungua.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mambo yaligeuka. Nchi za juu za Laikipia na sehemu za kusini zilitwaliwa na serikali ya kikoloni, wakapewa walowezi, na wafugaji wa Baringo wakakosa njia za kuhamia wakati wa ukame. Wanyama wakasongamana mahali pamoja. Kisha zikaja shida za miaka ya 1920 na 1930: mvua zilikosekana, na kati ya 1928 na 1931 nzige walikula kilichosalia. Nyasi zikaisha, udongo ukachukuliwa na maji, na makorongo yakafunguka. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Carter ilisikiliza malalamiko ya watu katika miaka 1932 na 1933, ikatoa taarifa yake mwaka 1934. Maofisa walisema kuwa mifugo ni mingi kupita kiasi. Wafugaji walisema kuwa nchi imepunguzwa. Kila upande ulikuwa na haki katika neno lake, lakini nyasi hazikungoja hukumu. Basi tangu wakati huo Baringo pakawa na ardhi tupu nyingi, na ardhi tupu ndiyo mwanzo wa habari yetu.

Sasa tuutazame mti wenyewe. Jina lake la kitaalamu ni Prosopis juliflora, nao ni wa jamii ya mikunde kama mgunga wetu. Kwao ni Marekani ya Kati, na visiwa vya Karibi, na kaskazini ya Marekani ya Kusini. Una miiba mirefu, majani madogo madogo, na maganda ya rangi ya manjano yenye utamu kama sukari. Mizizi yake hushuka chini sana kutafuta maji. Katika jimbo la Arizona, mahali palipochimbwa madini, mzizi wa mti wa jamii hii ulionekana kwenye kina cha mita 53. Kwa ajili ya sifa hizo watu wa nchi kavu waliupenda mahali pengi. Uliingizwa Sindh mwaka 1877, na mwaka 1940 serikali ya mtawala wa Jodhpur iliutangaza kuwa mti wa kifalme. Mwaka 1917 uliletwa Sudan ili kuzuia mchanga. Huko Sudan watu walikuja kuchoka nao hata serikali, mwaka 1995, ikatoa amri ung'olewe nchi nzima. Lakini amri yenyewe haikutosha kuung'oa.

Nchini Kenya habari ya kwanza iliyoandikwa ni ya mwaka 1973. Mbegu zililetwa kutoka Brazil na Hawaii, zikapandwa karibu na Mombasa, katika mashimo ya Bamburi yaliyochimbwa mawe ya saruji, ili ardhi ile ya chumvi ipate kufunikwa. Kisha mwaka 1982 ukaanza mradi wa serikali pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa fedha za Australia, wa kupanda miti ya kuni Baringo. Miche ya Prosopis ilikuwa miongoni mwa miti iliyopandwa upande wa Marigat. Hatuna sababu ya kuwadharau waliofanya hivyo. Wanawake walikuwa wakienda mbali kutafuta kuni, vumbi lilikuwa likivuma toka asubuhi hata jioni, na mti ule uliota pale ambapo mingine yote ilikufa. Miaka ya kwanza ulionekana kuwa baraka, nao haukuenea upesi.

Walakini sifa ile ile iliyoufanya upendwe ndiyo iliyoufanya uwe mwiba. Ganda ni tamu. Mbuzi, ng'ombe na hata nguruwe mwitu hulila. Mbegu yake ni ngumu, nayo hupita tumboni bila kuvunjika, tena kupita huko huilainisha gamba lake na kuiharakisha kuota. Hutoka pamoja na samadi, tayari imepandwa na kutiwa mbolea. Basi kila mnyama aliyetembea akawa mpanzi, na kila njia ya mifugo ikawa tuta. Mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilipofurisha mito, maji yakazichukua mbegu na kuzimwaga katika tambarare yote. Wataalamu waliopima nchi hiyo kwa picha zilizopigwa kutoka angani waliona kuwa mwaka 1988 mti huu ulifunika hektari 882 tu. Mwaka 2016 ulifunika hektari 18,792. Katika muda huo nyanda za nyasi za mahali pale zilipungua kwa asilimia 86, na mashamba ya kunyweshwa kwa asilimia 57. Hata migunga, iliyolisha mbuzi kwa maganda yake tangu enzi za mababu, ilipotea kwa asilimia 42.

Hapa tungependa kusimama kidogo katika habari za majina, maana jina la kitu kigeni hutuonyesha jinsi watu walivyokipokea. Watu wa Baringo hawakutumia jina la wataalamu, bali waliuita mathenge. Hilo ni jina la mwanamume katika Kikuyu, nalo latokana na neno thenge, maana yake beberu. Wasomali wengine huuita garanwaa, yaani kisichojulikana. Wahindi huuita vilayati babul, ndiyo kusema mgunga wa Ulaya. Na msomaji ataona kuwa hilo vilayati na Ulaya yetu ni ndugu, maana yote mawili yatoka katika neno moja la Kiarabu, wilaya. Tena mti huu haukutoka Ulaya kamwe. Lakini katika lugha nyingi kitu chochote kilicholetwa na watawala huitwa cha Ulaya, kitokapo popote. Basi katika majina haya matatu hamna hata moja lisemalo kuni, wala lishe, wala kivuli, ambavyo ndivyo waliouleta walivyovikusudia. Yote husema neno moja: si wetu.

Madhara yake watu waliyaona upesi. Miiba hutoboa magurudumu na kwato, na jeraha lake huvimba na kukawia kupona. Vichaka husongamana hata mchunga hapiti, na mnyama akipotea humo hapatikani. Njia za kwendea ziwani na mtoni zikafungwa. Tena yako madhara ya maganda: mbuzi alaye hayo siku zote, asiwe na chakula kingine, sukari humnata menoni, meno yakaoza na kung'oka, na mbuzi asiye na meno hufa kwa njaa katikati ya majani. Mwaka 2006 watu wa Ilchamus waliipeleka serikali mbele ya Mahakama Kuu, Nairobi, wakidai haki yao, na katika ushahidi wao walimleta mbuzi asiye na meno. Wengine wa mjini walicheka. Lakini mfugaji hana hati wala daftari la kuonyesha hasara yake. Mali yake ni mnyama, na ushahidi wake ni kinywa cha mnyama huyo. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliutangaza mti huo kuwa gugu baya kwa sheria ya kuzuia magugu.

Sasa twaja kwenye swali lililo zito: gugu la namna hii huondolewaje? Watu wengi walianza kwa shoka. Walikata, wakachoma, wakaona mahali peupe, wakafurahi. Baada ya mvua moja kila kisiki kikatoa matawi mengi mahali pa shina moja, na kichaka kikawa kizito kuliko kwanza. Sababu yake ni kuwa mti huu una macho ya kuchipua chini kidogo ya uso wa udongo. Akataye juu yake huupogoa tu. Hapana budi kuufukua na kulikata shina chini ya macho hayo, au kulitia dawa gutu mara lile lile likatwapo.

Wengine wakashauri kwamba mti utumiwe hata uishe: ukatwe makaa, maganda yasagwe kuwa chakula cha mifugo, miti mikubwa ipasuliwe mbao, maua yaachiwe nyuki. Shauri hili si baya, nalo limewapatia wengi karo za watoto. Vyama vya wachoma makaa vilianzishwa Marigat na mahali pengine. Tena maganda yakisagwa mbegu hufa, haziwezi kuota tena. Lakini ndani ya shauri hili mna tatizo. Mchoma makaa hutaka shina nene, hana haja na vichaka vyembamba vya ukingoni, navyo ndivyo vinavyosogea kila mwaka katika nyasi. Tena mtu aishiye kwa makaa ya mathenge hawezi kutamani siku ambayo mathenge utakwisha. Atavuna, wala hatang'oa.

Ili tulione jambo hili wazi, tutazame nchi nyingine mbili. Huko Australia ya mashariki, dungusi kakati, ambalo wengine huliita mpungate, liliingizwa toka Amerika, na kufika mwaka 1925 lilikuwa limefunika kama hektari milioni 24 za malisho. Mwaka huo wataalamu walileta kutoka Argentina mayai ya nondo mmoja, jina lake Cactoblastis cactorum, ambaye viwavi vyake hula dungusi hilo ndani kwa ndani. Mwaka 1926 waliachiliwa, na mwaka 1933 sehemu kubwa ya dungusi ilikuwa imeanguka na kuoza. Wakulima wa Boonarga, Queensland, walijenga ukumbi wa mikutano wakauita kwa jina la mdudu huyo, ukafunguliwa mwaka 1936. Katika mambo yaliyofanikisha kazi hiyo, moja ni kuwa wenye malisho hawakuwa na haja ya kuliacha dungusi lile. Wote walikuwa na neno moja. Lakini Afrika ya Kusini, penye jamii ya Prosopis, wafugaji walipenda maganda. Kwa hiyo wadudu walioletwa tangu mwaka 1987 walikuwa wale walao mbegu peke yake, wasiugusane mti ulio hai. Mbegu zilipungua, mti ukakaa. Basi tofauti ya nchi hizi mbili haikuwa katika wadudu tu, bali na katika nia za watu pia. Gugu lenye watetezi haliondoki upesi.

Tena twaomba msomaji atambue kuwa hata mahali ambapo watu wana neno moja, kung'oa ni nusu ya kazi. Turudi Baringo. Mwaka ule ule 1982, kando ya ziwa lile lile, ilianzishwa kazi nyingine iliyokuja kujulikana kwa jina la RAE, nayo sifa yake imetokana hasa na nyasi. Walitwaa viwanja vilivyokuwa vitupu kama sakafu, baada ya kupatana na wenyewe. Wakavizungushia wigo, wakalima udongo ushike maji, wakapanda nyasi za asili kama Cenchrus ciliaris, wakazilinda. Nyasi ziliposhika, wenyewe wakapata majani ya kukata, malisho ya kunenepeshea mafahali, na mbegu za kuuza. Ile kazi haikuwa na ajabu yoyote isipokuwa hii: walianza kwa kupatana ni nani atakayelisha, na lini. Hilo ndilo shauri la wazee wa mabwawani lililorudishwa kwa wigo.

Twaona hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Mche wa mathenge ukiota katikati ya nyasi nene hupata taabu. Maji ya juu hunyang'anywa na nyasi, na jua halimfikii vema. Ukiota katika ardhi tupu hauna mshindani hata mmoja. Kwa hiyo mtu akatapo kichaka na kuiacha ardhi tupu, amewatengenezea mahali pazuri watoto wa kichaka kile kile, maana mbegu zimelala udongoni kwa miaka mingi zikingoja. Malisho hayo yalipotea mara mbili: kwanza yalipotea nyasi, kisha yakatwaliwa na mti. Apendaye kuyarudisha na aanze pale yalipopotea kwanza.

Basi utaratibu ufaao, kwa kadiri ya mambo yaliyoonekana, ni huu. Kwanza pawe na ulinzi wa mahali palipo safi, maana kung'oa miche kumi kwa mkono ni kazi ya asubuhi moja, na kung'oa miti elfu ni kazi ya miaka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wanyama waliokula maganda wafungiwe zizini siku kadhaa kabla ya kupelekwa malisho safi, na miche iotayo zizini ing'olewe. Kisha ukingo wa kichaka usukumwe nyuma kidogo kidogo, wala watu wasianzie katikati palipo pazito. Mahali pazito pafukuliwe sehemu kwa sehemu, kwa kadiri ya nguvu za watu, na kila sehemu ipandwe nyasi mara mvua inaponyesha, ilindwe isiliwe mpaka ishike. Misimu ifuatayo watu wapite tena na majembe, maana miche itakuja. Hilo si kushindwa, ndiyo palizi yenyewe.

Walimu na wachungaji waweza kufanya mengi hapa, kwa sababu wao huona mahali pale pale mwaka baada ya mwaka. Viwanja vya shule na kando za njia ni mahali palipofukuliwa, na magugu mageni huanza hapo kabla ya kufika malishoni. Wanafunzi wafundishwe kuutambua mti ungali wa majani mawili matatu. Wazee waulizwe majina ya nyasi zilizokuwako zamani na mahali zilipoota, maana katika majina hayo mna elimu ya nini kipandwe. Na jina la nyasi hufa pamoja na mtu wa mwisho aliyeichungia. Tena, mtu akija na mche mpya wa kusifiwa, aulizwe mambo matatu kabla haujatiwa udongoni: mbegu yake huchukuliwa na nani, ukikatwa huchipua wapi, na je, wenye kuchunga wamekwisha kuulizwa? Kwa mathenge, majibu ya maswali mawili ya kwanza yaliweza kujulikana mapema kwa kuutazama mti wenyewe. Jibu la tatu lilikuwa kwa wazee wa mabwawani.